Huduma ya Injili kupitia gofu huku Kusini: fimbo tunazo, uwanja hatuna

Mbwinji (mwanzisha uzi)

Wakuu, Bwana asifiwe, na kwa wasio wa kanisani, asalaam alaykum.

Kanisa moja hapa Masasi limeletewa mifuko mitano ya fimbo za gofu zilizotumika na ndoo mbili za mipira. Aliyeleta anataka vijana waanzishiwe huduma kupitia mchezo huo, kama wafanyavyo Marekani. Mahali palipopo ni kiwanja cha shule ya kanisa, kama ekari tano, ukoka na mchanga, upande mmoja barabara, upande mwingine mikorosho. Uwanja wa mashimo 18 mpaka mtu apande basi la Dar.

Wanaoujua mchezo na wanaoijua huduma waseme: inaendeshwaje, inawezekana bila uwanja, na tufanyeje na watoto wa Kiislamu ambao hapo shuleni ni wengi? Naomba maelezo ya kazi. "Mungu atafungua njia" tumeshaambiwa na kamati.

Kitangari Juu

Nianze na huduma, maana watu wakiona fimbo akili yote inahamia huko.

Huduma ya gofu ina sura tatu na watu huzichanganya. Kwanza ni ya wachezaji wa kulipwa. Mashindano yao huisha Jumapili, kwa hiyo mchezaji anaweza kukaa msimu mzima bila kukanyaga kanisani. Ndiyo maana mwaka 1965 Kermit Zarley na Babe Hiskey walianzisha kikundi cha kujifunza Biblia kinachosafiri na PGA Tour, msururu wa mashindano ya kulipwa ya Marekani. Bernhard Langer wa Ujerumani alishinda mashindano ya Masters Aprili 1985, wiki iliyofuata mchezaji mwenzake Bobby Clampett akamwalika kwenye kikundi hicho, na mwenyewe huhesabu imani yake kuanzia pale. Mchezaji Scottie Scheffler na kedi wake (mbeba fimbo) Ted Scott nao walifahamiana kwenye kikundi cha Biblia kabla ya kufanya kazi pamoja.

Ya pili ni ya klabu: wanachama wachache wanaokutana asubuhi, wanasoma, wanaomba, wanaingia uwanjani. Ya tatu ni ya vijana na makedi. Mbwinji, yenu ni hii ya tatu. Mkiiga ile ya kwanza mtapata semina nzuri yenye picha za fimbo ukutani, basi.

Kwa nini gofu na siyo kingine? Mashimo 18 ni mwendo wa kilomita saba, nane au zaidi, saa nne hivi, watu wanne. Kanuni zinapendekeza mkwaju mmoja usizidi sekunde 40. Mtu anayepiga mikwaju 90 anatumia saa moja tu kupiga, tena nimempa zote 40. Muda unaobaki ni kutembea na kusubiri. Kwenye soka huwezi kuzungumza na beki wako dakika tatu mfululizo. Kwenye gofu mnatembea bega kwa bega kama wale wawili wa njia ya Emau katika Luka 24, na kuna nafasi ya mtu kusema la moyoni bila kuangaliwa usoni.

La pili, hakuna refa nyuma yako. Kanuni ya 1.2 inataka mchezaji awe mkweli na kanuni ya 1.3 inamtaka ajihukumu mwenyewe, akivunja kanuni ajipe adhabu hata kama hakuna aliyemwona. Kadi yako ya hesabu ya mikwaju inaandikwa na mwenzako, mnasaini wote wawili. Ukirudisha hesabu ndogo kuliko uliyopiga, unaondolewa kwenye mashindano. Isipokuwa tofauti ikiwa ni mikwaju ya adhabu ambayo kwa kweli hukujua umeipata, hapo inaongezwa tu. Ukirudisha kubwa kuliko uliyopiga, inabaki hiyohiyo kubwa. Kwenye mashindano ya US Open ya 1925 mchezaji Bobby Jones aliona mpira wake umesogea alipouandalia fimbo, mwingine hakuona, akajiongezea mkwaju. Akamaliza sawa na Willie Macfarlane, akashindwa kwenye marudio. Bila mkwaju ule mmoja alikuwa bingwa.

Hapa kwetu somo hilo halihitaji kupambwa. Mtoto wa Masasi anajua kangomba (ununuzi wa korosho kwa vipimo visivyo rasmi) ni nini na anajua mizani ya korosho inavyoweza kuchezewa. Msomee Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA", halafu mpe kadi ya mwenzake aijaze.

Makonde Mteremko

Samahani wakuu, mimi nauliza uhalali wa jambo lenyewe. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, alilichukua jando la watu akalitia Ukristo ndani yake. Mtu aweza kubishana na njia yake, lakini alianzia kwenye kitu ambacho watu walikuwa nacho. Gofu nani analo hapa? Ni mchezo wa wakubwa. Mtoto wa Chikundi ukimpa fimbo leo, kesho akacheze wapi? Hela ya mfuko mmoja mpya wa fimbo inanunua mipira ya soka ya shule nzima.

Kitangari Juu

Makonde Mteremko, hoja yako ina uzito na sitaipunguza. Nikubali mawili. Soka ibaki, na anayefuta timu ya mpira ili apate kiwanja cha gofu amekosea kabla hajaanza. Pili, msimwambie mtoto wala mzazi kwamba gofu litamtoa kimaisha. Wako waliotokea kwenye ukedi wakawa wachezaji wazuri, lakini huwezi kuweka ahadi juu ya hao.

Ninapotofautiana nawe ni hapa: fimbo zimeshakuja bure, na thamani yake iko kwenye yale mawili niliyosema, mwendo wa pamoja na hesabu ya ukweli. Hayo hayahitaji mashimo 18. Mashimo sita mafupi yanatosha, na mtoto anayeishia hapo hajapoteza kitu.

Nyangao Bondeni

Mimi ni wa viwanja. Ekari tano ni hekta mbili. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 unakula robo tatu ya hekta, kwa hiyo mnabaki na hekta moja na robo hivi. Hapo yanaingia mashimo sita ya mita 35 hadi 70, pungufu ya hapo ni bora kuliko zaidi.

Jambo la kwanza kabla ya jembe: draiva zote na mbao zote (fimbo za masafa marefu) zifungiwe stoo. Mpira wa gofu una kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93, mgumu kama jiwe. Mtu mzima akiupiga sawasawa kwa aironi (fimbo ya kichwa cha chuma) namba 7 unakwenda mita 120 au zaidi, kwa draiva unavuka barabara na unavunja kioo cha bodaboda au kichwa cha mtu. Kwa kiwanja chenu mpira mgumu upigwe kwa weji tu (fimbo ya mikwaju mifupi), nusu mkono. Mkono mzima, tumieni mipira ya tenisi iliyochakaa.

Mpangilio. Anayejifunza, akiwa wa mkono wa kulia, mpira wake hukatia kulia. Kwa hiyo zungusheni mashimo yakifuata mwendo wa mshale wa saa, barabara iwe kushoto kwa mpigaji, makosa yaangukie ndani ya kiwanja. Hilo linahamishia hatari kwa wenzake walio ndani, kwa hiyo kundi moja lisipige mpaka lililo mbele litoke kabisa kwenye shimo. Mpira ukipotoka mtu apige kelele "foo!", na aliyesikia ainamishe kichwa akikinge kwa mikono, asigeuke kutazama.

Grini (eneo laini lenye shimo) ya nyasi msiiwaze. Inahitaji maji kila siku, mashine ya kukata milimita chache na mtu wa kuilinda. Tengenezeni brauni, yaani grini ya mchanga:

Chora duara la kipenyo cha mita 8. Kwangua nyasi na mizizi yote, kina cha sentimita 10. Sawazisha, acha mteremko wa sentimita 8 hadi 15 kutoka ukingo mmoja hadi wa pili ili maji ya masika yatoke. Mwagia maji, shindilia, rudia siku ya pili. Juu weka mchanga laini uliochekechwa kwa wavu wa milimita 2, unene wa sentimita 2.5. Duara hilo lina mita za mraba 50, kwa hiyo mchanga ni mita za ujazo 1.26, brauni sita ni kama 7.5, uzito wa tani 12 hivi, tripu mbili za lori la tani 7.

Mchanga ukizidi sentimita 3 mpira unazama na mtoto anadhani hajui kuputi, yaani kuusukuma mpira shimoni. Ukipungua chini ya 2, udongo mgumu unatokeza na mpira unaruka. Chombo cha kulainishia ni ubao wa mita moja uliofungwa gunia, wenye kamba mbili. Kila kundi likimaliza linauvuta kwa kuzunguka kutoka shimoni kwenda nje, ili mchanga usilundikane mdomoni mwa shimo.

Shimo: kanuni inataka kipenyo cha milimita 108 na kina kisichopungua 101.6. Bomba la plastiki la maji machafu la milimita 110 lina upana wa ndani wa 104 hivi, kwa mazoezi linafaa. Kata vipande vya sentimita 15. Chini ya shimo weka kokoto ngumi mbili, bila hivyo mvua moja tu inawapa visima sita. Kwenye uwanja wa nyasi mdomo wa bomba hushushwa milimita 25 chini, ila kwenye mchanga ukiushusha hivyo kingo zinabomoka, kwa hiyo uache sawa na udongo ulioshindiliwa.

Ligula B

Kwenye viwanja vingine vya brauni wanachanganya mchanga na oili chafu ya gari usipeperuke. Gereji za hapa zinatoa bure. Inafaa?

Nyangao Bondeni

Inashika mchanga vizuri sana, na kwa shule ni marufuku. Oili chafu ina madini mazito, inateremka na mvua kwenye udongo wa kichanga kama wetu hadi kisimani, na watoto wanaushika mpira kisha wanashika muhogo. Nyunyizieni maji dakika kumi kabla ya kucheza, debe mbili kwa brauni, yatosha.

Na msichukue mchanga ufukweni, hata mkipewa lori bure kutoka Mikindani. Fukwe zinaliwa, chumvi inaua ukoka wa pembeni na inakula chuma cha fimbo. Mchanga wa mtoni au wa machimbo yenye kibali.

Tii (mahali pa mkwaju wa kwanza): mraba wa mita 3 kwa 3, ukoka uliokatwa mfupi. Mbuzi wanakata vizuri ila wanachimba brauni, wawekwe asubuhi na wafungwe.

Fundi Mpingo

Nizungumzie fimbo. Mfuko kamili una fimbo zisizozidi 14, hiyo ndiyo kanuni, lakini mifuko ya msaada hufika pungufu. Tafuteni kwanza aironi namba 7, namba 9, weji na za kuputi. Zipangeni kwa aina, siyo kwa mfuko. Zenye mpini wa grafaiti, hasa za wanawake, ndizo za kukatia watoto, ni nyepesi.

Aironi 7 ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 94 hivi. Mtoto wa kimo cha mita 1.35 anahitaji kama 78. Ondoa kwanza mpira wa mshikio kwa kuuchana na wembe kwa urefu, kisha kata upande wa mshikio. Ukikata upande wa kichwa umeharibu, kwa sababu mpini pale ni mwembamba na kichwa hakitakaa tena. Grafaiti ifungwe tepu mahali pa kukata, tumia msumeno wa chuma wa meno madogo, na funika pua, vumbi lake ni baya. Ukimaliza zungushia tepu ya kitambaa, tabaka mbili. Fahamu kwamba mpini ukifupishwa unakuwa mkakamavu, na kichwa kinabaki na uzito wake uleule wa mtu mzima. Ukikata zaidi ya sentimita 16, mtoto hataweza kuuzungusha. Mdogo zaidi ya hapo mwachie ya kuputi.

Fimbo za kuputi hazitatosha, na hapa ndipo Kusini tuna faida. Mpingo una gramu 1.2 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, unazama majini. Kichwa cha fimbo ya kuputi kina gramu 340 hadi 360. Kipande cha sentimita 12 kwa 5 kwa 5 ni sentimita za ujazo 300, yaani gramu 360. Ukishatoboa na kulainisha unabaki mulemule. Kwa watoto punguza kimo hadi sentimita 4. Kanuni inataka kichwa kiwe kirefu kutoka kisigino (upande wa mpini) hadi kidole (ncha ya pili) kuliko kutoka uso (unaopiga mpira) hadi mgongo, na mlalo wa uso usizidi digrii 10. Weka 3 au 4. Toboa shimo la milimita 9.5, kina cha sentimita 3.5, ingiza mpini wa chuma kutoka kwenye fimbo iliyovunjika kichwa, gundi ya epoksi ya mirija miwili, acha saa 24. Wengine wana haraka, wanatumia saa mbili, na kichwa kinaruka na kumpata aliye mbele.

Mpingo wenyewe uwe mabaki ya wachongaji. Msikate mti kwa ajili ya hili, na mtu asiwauzie gogo lisilo na kibali cha maliasili. Kitu kimoja: mpingo ukiachwa juani unapasuka nyufa kuanzia kwenye ncha. Upakeni mafuta ya nazi, muuweke kivulini.

Makonde Mteremko

Hapo kwenye mpingo mmenigusa. Naendelea kusoma.

Bi Mikindani

Asalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu na ni mwalimu, nitajibu swali la tatu la Mbwinji kwa kuwa naona mnalizunguka.

Wazazi wetu hawachukii mchezo, wanachukia kudanganywa. Ukiandika kwenye barua "mafunzo ya gofu" halafu mtoto arudi nyumbani anaimba pambio, umeshamaliza. Mwezi mmoja tu, kiwanja kitupu, na mwalimu mkuu ameitwa kwa mtendaji wa kata. Andikeni wazi: mchezo unaendeshwa na kanisa fulani, utakuwa wa watoto wote; baada ya mchezo kuna kipindi cha Biblia cha dakika ishirini kwa wale ambao wazazi wao wameweka saini ya pili. Saini mbili, visanduku viwili, karatasi moja. Asiyesaini ya pili mtoto wake anaondoka saa ileile bila kutajwa jina wala kubezwa.

Soda, daftari, jezi na zawadi zitolewe kabla ya kipindi cha Biblia, na kwa wote sawa. Mkizigawa baada yake, hata kama nia ni njema, mtaani itasomwa kuwa ni hongo, na si Waislamu tu watakaosema hivyo.

Ratiba: Ijumaa msiweke kitu. Ramadhani hamishieni mazoezi asubuhi, saa moja hadi saa mbili na nusu, msiwape watoto wanaofunga mbio za jioni kwenye jua. Na wasichana wavae wanavyovaa kwao. Hijabu na suruali ndefu havimzuii mtu kupiga mpira, ila klabu kubwa zina masharti yao ya mavazi, ulizeni kabla ya kuwapeleka.

Kitangari Juu

Mwalimu, asante. Hilo la saini mbili lichukuliwe kama lilivyo, na kamati isilichakachue.

Niongeze ulinzi wa mtoto, maana huduma nyingi za michezo zimeharibikia hapa na si kwenye mafundisho. Watu wazima wawili kila mara, asiwepo mkubwa mmoja na mtoto mmoja stoo, garini wala chini ya mkorosho. Namba za simu za watoto zisichukuliwe na makocha, mawasiliano yapite kwa mzazi. Picha za mtoto mtandaoni kwa ruhusa ya maandishi, na mfadhili aambiwe hivyo mapema kwa sababu ataziomba. Afisa michezo wa halmashauri apewe taarifa kabla ya siku ya kwanza.

Kipindi kimoja kiende hivi. Saa kumi jioni kuhesabu watoto na fimbo. Idadi ya fimbo iandikwe, ndiyo itakayotumika kufungia. Dakika kumi za kunyoosha viungo. Dakika thelathini mstarini: kila mpigaji mita 4 kutoka kwa mwenzake, wote wanaelekea upande mmoja, filimbi moja kupiga, filimbi mbili kuweka fimbo chini, filimbi tatu kwenda kuokota. Hakuna anayeokota kabla ya tatu, hata mpira ukiwa miguuni kwake. Wa mkono wa kushoto awekwe mwisho wa mstari upande wa kushoto mkitazama shabaha, apeane mgongo na wenzake. Kocha mmoja kwa watoto sita, si zaidi. Dakika arobaini za mashimo, watatu watatu, kila mmoja akishika kadi ya mwenzake. Mpira ukipotea wautafute dakika tatu tu. Wakikosa, mkwaju mmoja wa adhabu na kurudi ulipopigwa. Majani marefu yapapaswe kwa fimbo kwanza, mkono baadaye, nyoka wapo. Saa kumi na moja na nusu watoto wote wanaagwa. Waliosainiwa wanabaki na Biblia mpaka kumi na moja na dakika hamsini, giza lisiwakute njiani.

Kipindi cha Biblia kina ugonjwa wake: kila kitu kinageuzwa mfano. Bunka (shimo la mchanga uwanjani) ni majaribu, shimo ni mbinguni, kadi ni kitabu cha uzima. Watoto wanacheka wiki ya kwanza, ya tatu wanapiga miayo. Chukueni kitabu kimoja, Marko kwa mfano, someni mistari kumi kumi, ulizeni wanaona nini. Lililotokea kwenye kadi siku hiyo likiingia lenyewe, liingie.

Ligula B

Mtoto akikutwa ameandika 4 na amepiga 6 afanywe nini? Kumwondoa kama kanuni inavyosema naona kali kwa mtoto wa miaka kumi.

Kitangari Juu

Kwenye mazoezi usimwondoe. Mkae watatu na kadi, wahesabu shimo hilo upya mkwaju kwa mkwaju wakitembea kutoka tii. Mara nyingi utakuta ni kusahau: watoto hawahesabu mkwaju wa hewa, yaani amelenga kupiga akakosa kabisa, na huo unahesabiwa. Fundisheni hilo wiki ya kwanza na nusu ya "uongo" itapotea. Akiwa kweli amedanganya, arekebishe mwenyewe kwa kalamu yake, aliyeshika kadi asaini tena. Msimsimamishe mbele ya wengine. Kwenye mashindano yenye zawadi kanuni ifuatwe, na wajue hivyo kabla.

Kedi Mkuu Pwani

Nimechelewa kuuona uzi. Kuhusu kwenda Dar, maana najua mtataka.

Pigeni simu kwa katibu wa klabu angalau mwezi kabla, iwe Gymkhana au Lugalo ya JWTZ, mwulize siku ambayo hakuna mashindano. Shati la kola, suruali isiyo jinzi, raba zisizo na njumu za chuma. Msiende na watoto ishirini. Nendeni na sita na wakubwa watatu, wajue kulainisha bunka, kurudisha kipande cha nyasi kilichong'oka na kukaa kimya mtu anapopiga. Wasiojua hayo mkiwapeleka, mlango hautafunguliwa tena, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Kwa huduma kwenye klabu: makedi wako kazini. Wanalipwa kwa mzunguko na wengi hawana mshahara. Ukiweka kikundi cha Biblia saa moja asubuhi, saa ambayo wachezaji wanachagua makedi, umewapokonya mkate. Wekeni saa nane mchana wakati uwanja umetulia. Na mwanachama anayeongoza kikundi asiwape kazi wale tu wanaohudhuria. Wakilijua hilo watajaa wote, na hutamjua aliyekuja kwa Neno na aliyekuja kwa mfuko.

Mchezaji Mkristo anayetaka kumshuhudia mwenzake, asianze kwenye tii wala mtu akiwa amesimama juu ya mpira. Mashimo tisa ya kwanza sikiliza. Mtu aliyetoka kupiga 9 kwenye par 4, shimo la mikwaju minne, si wa kuhubiriwa, ni wa kusaidiwa kutafuta mpira.

Mbwinji

Asanteni sana wote, nakopi kila kitu. Mawili yamebaki. Kamati inataka mashindano ya kuchangia paa la kanisa, waalikwe watu wa gesi na bandari wa Mtwara wanaojua gofu. Na tuanze mwezi gani?

Kitangari Juu

Mashindano: mtindo wa timu za watu wanne, wote wanapiga, wanachagua mpira uliokaa vizuri, wote wanapiga tena kutoka hapo. Asiyejua gofu haiharibii timu yake. Kwenye mashimo sita, timu sita, kila moja inaanzia shimo lake kwa filimbi moja, saa moja na nusu wamemaliza.

Fedha iwe kiingilio kilichotangazwa na risiti. Wachezaji wengi wa gofu wamezoea kuweka dau kila shimo. Waambieni kwenye barua ya mwaliko kwamba siku hiyo hakuna dau wala bia, msingoje kuwaambia uwanjani. Na mtu akiwashauri muweke pikipiki kwa atakayetia mpira shimoni kwa mkwaju mmoja, kataeni. Kwenye viwanja vikubwa zawadi hiyo hukatiwa bima na shimo lina urefu uliokubaliwa. Kwenu shimo ni mita 40, na anayejua kushika weji akipewa nafasi za kutosha anaweza kuitia. Mtadaiwa pikipiki na paa litabaki wazi.

Nyangao Bondeni

Mwezi: si Oktoba hadi Desemba. Korosho zinaokotwa, watoto wako mashambani na wazazi wao, na mwenye mikorosho ya pembeni hatapenda mtu atafute mpira kwenye korosho zake. Januari hadi Aprili mvua, brauni mpya itasombwa kabla haijashika. Radi ikilia fimbo chini, wote darasani, msirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kanuni inaruhusu mchezaji kusimama kwa ajili ya radi, asione aibu.

Chimbeni Mei mwishoni udongo ukiwa bado na unyevu, unashindilika vizuri. Mwageni mchanga Juni. Hapo angalieni salfa: wenye mikorosho wanaanza kupuliza dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) mwezi huohuo, na hupuliza alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mkubaliane na jirani siku zake, na siku ya kupuliza na inayofuata msiwapeleke watoto upande huo, vumbi lile linachoma macho. Mnapata Julai, Agosti na Septemba za kucheza sawasawa.

Fundi Mpingo

Na mipini ianze kukatwa Aprili, siyo Juni. Mbwinji, nitumie ujumbe ndani ukiwa na idadi ya watoto na vimo vyao kwa sentimita, si kwa darasa. Darasa la nne kuna mwenye mita 1.20 na mwenye 1.50.